Kisima cha Kwanza cha Mheshimiwa Chidawali

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu maana malori yalikuwepo, aliishi mtu aitwaye Chidawali. Alianza na uwakili, akaenda vitani, akarudi akawa mbunge. Ulimi wake ulikuwa mwepesi wa kuahidi, na hilo ndilo lililomponza.

Alipokuwa wakili kijana, hakuna aliyemwamini. Ila watu wa kijiji cha Mtakuja wakampa kesi yao ya ardhi. Akashindwa. Wakakata rufaa naye, akashindwa tena. Wakapanda juu zaidi naye yuleyule, na safari hiyo akashinda, jina lake likavuma. Akiwa bado na joho mwilini, akawaambia mbele ya wazee wao wote, "Nikipata, cha kwanza chenu."

Vita vikazuka mpakani. Chidawali akavua joho, akavaa gwanda. Akapigwa risasi ya paja karibu na Kichangani. Mjane mmoja wa kijiji hicho, Bibi Ndahani, akamficha ndani ya ghala la mtama, akamnywesha maji ya mwisho yaliyobaki mtungini. Maadui hawakumwona, lakini nyumba ya bibi waliichoma. Chidawali akamshika mkono, akamwambia, "Nikipata, cha kwanza chenu." Hapakuwa na shahidi ila mtama.

Vita vikaisha. Akavua gwanda, akavaa suti, akagombea ubunge. Kura zikabanana. Akakimbilia kijiji cha Majengo, ambako watoto na ng'ombe hunywa bwawa moja, na masika hayapiti bila kuzika mtoto. Akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti. Alisema nini? Mnajua wenyewe. "Nikipata, cha kwanza chenu." Wakampa kura zote, akapata.

Basi serikali ikamletea kisima. Kimoja. Lori la mtambo wa kuchimbia likaegeshwa mbele ya nyumba yake, na kabla hajamaliza chai wakaingia wanawake watatu.

Mama Nyemo wa Mtakuja akasema, "Wakili, ulishindwa mara mbili tukakuvumilia. Bila sisi ungekuwa nani? Ahadi yetu ndiyo ya kwanza, na wazee walioisikia wapo hai."

Bibi Ndahani akasema, "Mwanangu, mimi sina shahidi. Sema wewe kama naongopa. Maji yangu ya mwisho uliyanywa wewe."

Mbeleje wa Majengo, mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Shikamooni mama zangu. Mheshimiwa, ahadi yetu ilisikika mpaka kijiji cha pili. Wenzangu wanadai ya jana. Huyu wangu anaharisha leo."

Chidawali akakohoa. Uwakili ukampanda kwanza, akamgeukia Bibi Ndahani, "Bibi, una ushahidi gani?" Bibi akamtazama tu pajani. Wakili akaona haya, akainamisha kichwa.

Uaskari ukampanda. Akasimama wima akingoja amri. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mkubwa wake hakuwepo.

Ukabaki ubunge. Akasafisha koo. "Ndugu zangu, napendekeza tuunde kamati."

"Mheshimiwa," akasema Mbeleje, "huyu atakunywa kamati?"

Wote wakacheka, hata Chidawali, kisha akageuka kufuta machozi. Watatu hawa aliwapenda kweli. Dereva akawasha injini, akachungulia dirishani. "Mheshimiwa, mtambo unatakiwa jimbo la jirani. Kisima kingine sijui kitakuja lini, na kama kitakuja. Mbele hapo njia zinaachana. Nielekee wapi?"

Chidawali akapanda lorini, akakaa kando ya dereva. Wanawake watatu wakasimama barabarani wakimtazama. Akafungua kinywa.

Na mimi hapo nafunga changu. Asiniambie mtu wagawane, vijiji viko mbali na kisima hakikatwi kama mkate. Nyinyi mnaocheka huko nyuma, pandeni lorini mkae kiti chake. Waliomvumilia akapata jina, aliyempa maji akapata uhai, au waliompa kura na wanazika watoto? Je, nani alistahili kisima cha kwanza?