Bunduki ya Fundi Lali

Nakshi haizibi mtutu. Ndiyo, nimesema mimi, nimemwambia yule jirani aliyekuwa akimcheka dada yenu, ati mwanamke mwenye hina mikono miwili hawezi kuendesha trekta. Sasa mmenizunguka: "Bibi, nakshi gani? Mtutu gani?" Haya, kaeni. Mwanaidi, weka simu chini. Neno hili lina kwao, na kwao ni huku huku kwetu, enzi za magobori, zile bunduki za kushindilia baruti.

Palikuwa na kijana akiitwa Shekue, mkulima wa mpunga. Marehemu baba yake alimwachia gobori aliloagiza kwa Fundi Lali. Halikuwa la dukani hilo. Fundi alimpima baba mkono na bega kwanza, ndipo akachonga kitako. Na mapambo yake, wacheni! Mtutu ulivikwa pete za fedha, na kwenye bamba la shaba ubavuni palichorwa mwasumini unaotambaa, jani kwa jani, hata mishipa ya majani ukiiona. Fundi Lali alikuwa amekwisha zeeka, macho yamemwacha. Kazi kama ile hakuna wa kuirudia.

Shekue alilisugua kila asubuhi kwa majivu na ndimu. Na kwa kuwa mkono ulikwisha shika kitambaa, alisafisha mpaka kile kitundu kinachopitisha moto kuingia kwenye baruti.

Wawindaji wa mji walimcheka. Wao desturi yao ilikuwa kupaka bunduki masizi na mafuta ya kondoo, ati kinachong'aa kinamwonyesha mnyama mahali mtu alipo. Mkubwa wao alikuwa Mzee Nyange, mtu wa maneno makali.

Mwaka mmoja nyati dume akaingia mashambani, akaua mtu. Mpunga umeiva, na hakuna anayethubutu kuuvuna. Nyange akawaita wenye bunduki, na Shekue naye akaja na lake.

"Hilo ni la kulizia harusini," Nyange akasema. "Kabandue hizo fedha, ulipake masizi, ndipo uje."

"Kazi ya Fundi Lali siibandui, baba."

"Haya, simama nyuma yetu. Lakini ukikosa shabaha leo, tindo nitaishika mimi mwenyewe, na hayo maua yako nitayang'oa yote."

Shekue akakubali. Alimwogopa nyati, lakini tindo aliiogopa zaidi.

Jua lilipokuwa kali, nyati akatoka kwenye matete, kichwa chini, moja kwa moja kwa Nyange. Nyange akafyatua. Cheche tu! Mwenzake wa kulia akafyatua. Cheche tu! Mafuta yalikuwa yameyeyuka kwa jua, yakaingia na masizi yake kwenye kile kitundu, na moto haukuwa na pa kupita.

"Shekue!" Nyange akalia. "Mwanangu weee, piga!"

Shekue akalipachika begani, nalo likatulia, maana bega lile alilirithi kwa baba yake. Mlio ukatikisa matete. Nyati akapiga magoti, akaanguka miguuni pa Nyange na kumrushia matope mpaka ndevuni.

Loo, siku hiyo! Vigelegele vilitoka shamba hadi mjini, wanawake wakashika visu vya kuvunia hapo hapo. Nyange alichokoa gobori lake kwa kijiti, akatoa donge jeusi. Kisha akaliomba la Shekue. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza juani, na kwa mara ya kwanza akautazama ule mwasumini.

Hakulirudisha. Alitangulia nalo, mji mzima nyuma yake, mpaka kwa Fundi Lali, akampakatisha. Mzee akapapasa bamba kwa vidole, jani kwa jani, akatabasamu.

"Amefanya nini mwanangu huyu?" akauliza.

"Limeniokoa roho, Fundi," Nyange akasema, naye analia waziwazi mbele ya watu. "Nisikilizeni nyote, na mkawaambie wanenu. Nakshi haizibi mtutu!"