Ndara za Kiboko

Zamani sana, wanyama walipokuwa bado wakivaa ndara, palikuwa na bustani kando ya mto. Sogeeni, maana mimi sirudii mara mbili.

Siku za mapumziko wanyama walifika na vyakula vyao, wakaogelea, wakaota jua. Desturi ilikuwa hii: ukiacha ndara zako mahali, pale ni pako mpaka urudi. Aliyeianzisha ni Kiboko. Kila asubuhi aliacha ndara zake nne juu ya mwamba pekee uliopata jua mapema, kisha akazama majini hadi jioni. Mwamba ukakaa mtupu siku nzima. Uchoyo gani huo, jamani?

Asubuhi moja Tabu, mtoto wa Mama Pimbi, aliteleza akatumbukia mtoni, chubwi! Mama akamvuta. Mtoto alikuwa baridi tupu, meno yanagongana ka-ka-ka.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Naomba mwamba kidogo, mwanangu anakufa kwa baridi."

"Marahaba. Huoni ndara?"

"Naziona. Lakini wewe uko majini, mzee."

"Penye ndara zangu ndipo pangu. Kwingine si pangu. Basi." Akazama, blu-blu-blu.

Mama Pimbi alitaka kulia. Halafu akayafikiria yale maneno: kwingine si pangu. Akazisukuma ndara zile moja moja juu ya daraja, kwaruu, kwaruu, akazipanga ng'ambo kwenye gogo lililokuwa kivulini. Akarudi mbio, akamlaza Tabu mwambani, akaweka pembeni ndara zake mwenyewe, ndogo kama maganda ya karanga.

Kiboko akaibuka. Akatazama mwamba, akatazama ng'ambo, akatazama mwamba tena.

"Mama Pimbi, huu ni upande wa nani?"

"Wangu, mzee. Ndara zangu hizi hapa."

"Na zangu?"

"Zile kule."

"Lakini mimi nilizamia hapa."

"Una hakika? Au ndara zimetembea zenyewe?"

Kiboko akawaza mpaka kichwa kikamuuma. Ndara hazitembei, hilo alilijua. Mwamba huu ulifanana sana na wake, lakini wake ulikuwa na ndara nne kubwa. Basi huu si wake.

"Mbona jua liko huku?" akauliza.

"Hilo kaliulize jua lenyewe, mzee."

"Samahani, mama. Nadhani nimepotea."

Akaogelea ng'ambo, akajilaza kwenye gogo, akapiga chafya kutwa nzima, akishangaa jua lake limechelewa wapi. Tabu naye akakauka, akafumbua macho, akaomba muhogo. Mama Pimbi alicheka huku machozi yanamtoka.

Mpaka leo kiboko akiibuka hutoa macho tu kwanza, akatazama huku, akatazama kule. Bado hajui yuko upande gani.

Hadithi yangu imevaa ndara zake, inakwenda kwao. Nanyi shikeni hili: sheria unayomwekea mdogo, ipo siku utaitii wewe mwenyewe.