Kilemba Kimoja, Vichwa Vitatu

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, maana redio zilikuwa zimeshaanza kupiga kelele, palikuwa na mji uitwao Kiwambo. Mna masikio? Basi yategeni, kwa sababu mwisho nitawauliza nyinyi. Mimi mwenyewe nimeshindwa.

Mjini Kiwambo aliishi msichana, jina lake Mwanatumu. Kusoma alijua, kuimba alijua, kuwajibu wakubwa alijua kupita kiasi. Lakini hesabu! Akiulizwa saba mara nane, alijibu chochote kilichokuwa karibu na ulimi. Baba yake, Makame mwoka mikate, akachoka. Akamwambia, "Mwanangu, ukifeli tena hesabu, shule basi. Utakuja kukanda unga." Mwanatumu akalia, maana shule aliipenda, na unga hakuupenda hata chembe.

Sasa, walikuwepo watu watatu waliomhurumia.

Wa kwanza, Mwalimu Ngwali, mwalimu wake wa hesabu. Alimfundisha. Akikosea, alimfundisha upya. Akikosea tena, alicheka, akafuta ubao, akaanza mwanzo.

Wa pili, mjomba wake Kibwana, kinyozi. Huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: sataranji. Ubao wa mchezo ulikaa kando ya kiti cha kunyolea, naye aliuwaza hata wembe ukiwa mkononi. Wapo wateja waliokwenda sokoni na ndevu upande mmoja. Basi Kibwana akamkalisha mpwa wake mbele ya ubao. "Usiguse kete kabla hujaona," akamwambia. "Ukienda hapa, mwenzio atakwenda wapi? Akienda pale, nawe je?" Mwanatumu akanogewa, akawa hasikii wala haambiliki.

Wa tatu, bibi yake, Bi Mize, mama yake Kibwana. Bi Mize hakujua hesabu wala sataranji. Farasi wa mchezo ule alimwita mbuzi. Lakini alimwona mjukuu wake ameshikwa na mchezo, kazi za shule zimelala. Akamchukua malkia, ile kete kubwa ya ubaoni, akamfunga kwenye pindo la kanga. "Malkia amekuja kunitembelea," akasema. "Maliza hesabu zako, nitamruhusu arudi kwake." Ikawa ndiyo ada: hesabu kwanza, malkia baadaye.

Mtihani ukaja, ukapita. Majibu yakatoka. Mwanatumu, wa kwanza katika hesabu! Makame alicheza ngoma na unga kwenye nyusi, mikate ikaungua, na hakuna aliyejali.

Sikilizeni sasa desturi ya Kiwambo. Mtoto akifaulu, humvika kilemba fundi wake, yaani mtu aliyemfikisha hapo, mbele ya watu. Fundi mmoja, kilemba kimoja. Aliyevikwa ndiye atakayeitwa fundi wake maishani, na siku ya harusi yake atakaa mbele.

Watu wakajaa uani. Wakajitokeza watatu, vichwa wazi: Mwalimu kavua kofia, Kibwana kajinyoa para, Bi Mize kashusha mtandio.

"Mama," Kibwana akashangaa, "mwanamke avae kilemba?"

"Kichwa si ninacho?"

Mwalimu Ngwali akakohoa. "Kilemba changu. Hesabu nimemfundisha mimi. Mtihani haukuuliza farasi anaruka vipi."

"Changu!" akasema Kibwana. "Ulimfundisha miaka, Mwalimu, ukavuna nini? Alipokaa kwenye ubao wangu ndipo alipojifunza kuwaza kabla ya kujibu."

"Mbona mwanao Haji anacheza sataranji tangu asubuhi, na kwenye hesabu anaambulia mabua?" akauliza Mwalimu.

Watu wakaangua kicheko. Haji mwenyewe akacheka kuliko wote.

"Haji hakuwa na wa kumfungia malkia!" akadakia Bi Mize. "Changu! Mmoja alisema, mmoja alicheza. Aliyemkalisha akazifanya hesabu ni mimi."

"Mama, asingeupenda mchezo wangu, ungemfungia nini?"

"Na nisingemwonyesha njia," akasema Mwalimu, "angekaa akaandika nini?"

Makame akaona maneno yanachemka, akajaribu kupoza. "Jamani, kidole kimoja hakivunji chawa. Si kiwe cha wote?"

"Kweli, hakivunji," wazee wakamjibu, "lakini kilemba kimoja hakivaliwi na vichwa vitatu. Aseme mtoto."

Mwanatumu akasimama. "Swali la mwisho lilikuwa gumu," akasema. "Nikaweka kalamu chini kwanza, nikatazama, kama ninavyotazama ubao wa Mjomba. Nilipoishika tena, mkono ukafuata njia ya Mwalimu. Katikati nikachoka, nikataka kutoka nikacheze. Nikamsikia Bibi: maliza kwanza."

Akakikunjua kilemba. Machozi na kicheko vikamjia pamoja, maana aliwapenda wote, na hakutaka hata mmoja arudi nyumbani kichwa wazi. Mwalimu akainama. Mjomba akainama. Bibi, na mgongo wake ule, naye akainama.

Haya, wasikilizaji, nguo iko mikononi mwa mtoto na watu wanangoja. Msiniambie "wote", jibu hilo Makame alishalitoa likakataliwa. Ungekuwa wewe ndiye Mwanatumu, ungemfunga nani kilemba? Aliyemfundisha hesabu, aliyemfundisha mchezo, au aliyemficha malkia? Je, nani alistahili?