Kichupa Kilichokauka Kikiwa Kimefungwa

Kabla hatujaisogelea meza ya Bwana, niwaonyesheni kitu. Mnakiona? Mliokaa nyuma hamkioni, najua, maana hakizidi kidole gumba. Ni kichupa cha rangi. Na mzee wa majengo asianze kutabasamu, sitangazi kupaka kanisa. Hii ni rangi ya wale mafundi wanaotengeneza mifano: nyumba ndogo, basi dogo, meli ya kuweka juu ya kabati. Kikumbukeni, nitakirudia.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kazi hiyo. Si mtu mnayemjua, kwa hiyo msigeuke kutazamana. Alikuwa hodari kweli. Akikutengenezea basi utaona hadi pazia za madirishani, na kila kazi aliyoimaliza aliifungia ndani ya kisanduku cha kioo ili vumbi na vidole vya watu visiiguse.

Siku moja akapata ujumbe kutoka kwa dada yake mkubwa, ulioletwa na mpwa wao. Dada anasema: "Nitengenezee nyumba ya mama. Iwe ndogo, iingie mapajani. Na usiifungie kwenye kioo."

Nyumba ya mama haikuwepo tena. Ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, mbao zake zikaishia jikoni kwa majirani. Fundi alifurahi kuombwa, akaudhika kidogo kwa hilo la kioo. Akasema moyoni, dada yangu na masharti yake. Lakini akaanza kazi. Akajenga ukuta, akajenga baraza, akaweka hata lile bati moja lililokuwa likipigapiga upepo ukivuma.

Yakabaki madirisha. Ndugu zangu, madirisha ya nyumba ile yalikuwa ya kijani, na si kijani cha dukani. Marehemu baba yao alikichanganya mwenyewe, hakuna aliyejua alichanganya nini na nini. Fundi wetu, wiki moja kabla nyumba haijabomolewa, alikwenda na rangi zake, akasimama nje ya dirisha akachanganya, akalinganisha, akachanganya tena, mpaka akakipata. Akajaza kichupa kimoja. Alipofika nyumbani akachovya brashi, akajaribu kwenye kipande cha ubao, akaridhika. Kisha akakifunga kile kichupa. Na si kwa vidole tu, alichukua koleo akakikaza mpaka kifuniko kikalia. Akakizungushia nailoni, akakiweka kabatini, gizani, mbali na jua. Je, kuna kitu ambacho mtu huyu hakukifanya?

Miaka mitano baadaye anakitoa. Anakilegeza kwa koleo lile lile. Ndani kuna kigaga. Rangi imekauka mpaka chini, ngumu kama gome. Akatia tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akangoja, akatikisa, wapi! Ubao aliojaribia ameshautupa zamani. Akakaa na nyumba ya mama yake mezani, madirisha meupe, na akifumba macho hakioni tena kile kijani. Mtu mzima akalia, na mimi simlaumu.

Jirani na nyumba yake alikuwepo mama mmoja mwenye kibanda cha kupaka wanawake rangi za kucha. Fundi akaenda na kichupa chake mkononi, maana aliona kwa yule mama chupa zaidi ya hamsini, nyingine za mwaka juzi, na zote mbichi.

"Mama, wenzangu mnazificha wapi hizi hata hazikauki?"

"Sizifichi, ziko hapa hapa juani. Hebu nione hicho chako." Akakigeuza, akapitisha ukucha kwenye mdomo wa chupa. "Baba, brashi ikijaa rangi unaipangusia wapi?"

"Hapa mdomoni. Kila fundi anafanya hivyo."

"Basi umeona huu ukoko? Rangi imekaukia shingoni. Wewe ukaja ukaweka kifuniko juu ya ukoko. Kilikaza, ndiyo, lakini hakikukaa. Pembeni pamebaki upenyo wa kupitisha hewa, na hewa haina haraka. Hukukifunga hiki, ulikikaza tu."

"Sasa nyie mnafanyaje?"

"Tunafuta kwanza. Kitambaa na tina, mdomoni na ndani ya kifuniko. Unapaka mafuta ya mgando kidogo shingoni, halafu unafunga kwa vidole viwili. Koleo la nini? Anayehitaji koleo ni yule ambaye hakufuta." Fundi akamsimulia habari ya nyumba na ya dada yake. Mama akamuuliza, "Lakini rangi ya nyumba ya mama yako, si umuulize dada yako? Si aliishi humo?"

Fundi akatazama chini. Akasema, "Hatuna ugomvi. Ila hatuna mazungumzo."

Hapo ndipo ninapotaka kuwasimamisha. Hatuna ugomvi, ila hatuna mazungumzo. Ni wangapi humu ndani wana mtu wa namna hiyo?

Niwaambie ilivyokuwa. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemuuguza. Miezi minane alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Huyu mdogo alikuwa mbali, kwenye kazi zake. Akaja msibani, na pale matangani, mbele ya ukoo mzima, akasema: "Mama ameuawa na uzembe wako." Alisema hivyo kwa dada yake, mbele za watu.

Wazee hawakuliacha hivyo hivyo, hapana. Siku ya kuanua matanga wakawaita, wakawaketisha, wakawapa sinia moja la wali wale pamoja. Wakashikana mikono. Wazee wakasema, "Yamekwisha." Watu wakapiga makofi, mwingine akapiga vigelegele. Lakini mdogo hakusema, "Dada, nilikosea." Neno lile lilibaki pale pale lilipoangukia, na sinia la wali likawekwa juu yake.

Tangu hapo, miaka saba, ni salamu za sikukuu. "Wazima huko?" "Wazima." Waliwahi kukutana kwenye arusi moja, fundi akapita mbele ya dada yake, na dada hakumwinulia hata uso. Fundi akasema moyoni, kumbe bado ana kinyongo, basi na akae nacho. Akaondoka kabla ya keki.

Ila safari hii hakuwa na njia nyingine. Akaifunga nyumba ndogo kwa shuka, akapanda gari, akaenda. Akamkuta dada yake amekaa barazani kwa mwanawe, ameelekeza uso barabarani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimekuletea nyumba, ila sijaimaliza. Madirisha bado. Ile rangi imenikaukia, nimekuja uniambie kijani kile kilikuwa kipi."

"Niwekee hapa."

Akamwekea mapajani. Dada akaanza kuipapasa. Vidole vikapanda barazani, vikahesabu nguzo, vikafika kwenye lile bati. Akalitikisa, akacheka. Macho yake yalikuwa bado yanatazama barabarani.

Ndipo fundi akaona.

"Dada. Macho?"

"Presha ya macho, mdogo wangu. Huu mwaka wa tatu sioni kitu."

Wapendwa, arusi ile ilikuwa mwaka jana. Hakumwinulia uso kwa sababu hakumwona. Na kioo, mnakumbuka kioo? Angeishikaje nyumba ya mama yake iliyofungiwa ndani ya kioo?

"Mbona hukuniambia?" fundi akauliza.

Dada akamjibu polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Nikuambieje? Mimi na wewe si tulipatana?"

Yule mtu akapiga magoti pale barazani, wajukuu wanaangalia. Akasema: "Dada, siku ile ya matanga nilisema umemuua mama. Nilisema uongo. Wewe ulimwogesha, mimi sikuwepo. Niliona aibu kwamba sikuwepo, nikakutupia wewe. Nisamehe."

Dada alikuwa ameweka kidole kwenye dirisha la jikoni. Kisha akasema, "Kilikuwa cha jani la mgomba. Lile changa, linalotoka limejikunja, jua halijalichoma. Baba alituambia hivyo, wewe ulikuwa mdogo mno." Akasogea kwenye mkeka. "Njoo ukae. Magoti yako si ya kijana."

Sasa, sisi.

Sisi ni hodari wa koleo. Tukigombana tunaitana, wazee wanakaa, soda zinanunuliwa, tunashikana mikono, tunasema yamekwisha. Tunakaza mpaka kifuniko kinalia. Na mtu akituuliza habari za fulani tunajibu, "Aa, hatuna neno." Lakini kufuta hatujafuta. Lile neno ulilomwambia mkeo mbele ya mama yako, umelifuta, au uliweka sinia juu yake? Kufuta ni kulitaja kwa jina lake, ukasema nililisema mimi, na lilikuwa baya. Ni kazi ya dakika mbili na kitambaa. Tunaiogopa kuliko miaka saba ya ukimya.

Wahenga walisema, funika kombe mwanaharamu apite. Sawa, yapo ya kufunikwa mbele ya wageni. Lakini mwanaharamu akishapita, nani kati yetu amewahi kurudi akalifunua lile kombe?

Na kinachokauka ndani hukioni, maana kichupa kimefungwa na kipo kabatini, kizuri. Utakuja kushtuka siku unayokihitaji. Utakuta ndugu yako amepofuka miaka mitatu, na wewe ulikuwa ukimnunia kwa kutokukuona.

Kwa desturi yetu, sasa ningesema tupeane amani. Leo sisemi. Mtu aliyekaa karibu nawe hujagombana naye, ndiyo maana umekaa karibu naye! Mnageuka, mnapeana vidole viwili huku mnaangalia pengine, mnakaa. Leo acheni. Aliye na mtu nje ya ukuta huu, atoke akamtafute. Kama ni wa mbali, ampigie simu pale chini ya kengele. Meza haihami, na kwaya wataimba mpaka wachoke.

Tena nisiwe mtu wa kuelekeza kidole tu. Benchi la tatu, kushoto, pale mwisho, mnapaona? Pako wazi tangu Pasaka. Mmekuwa mkiniuliza mzee wetu yuko wapi, nami nawajibu kwamba hatuna neno. Nilimwambia neno kwenye kikao, mbele ya vijana wanaoweza kuwa wajukuu zake. Halafu nikasimama haraka, nikasema tufumbe macho, nikafunga kikao kwa sala.

Kichupa hiki nakiacha hapa juu ya mimbari. Mwinjilisti, njoo ushike ibada. Nyumba ya yule mzee iko nyuma ya mashine ya kusaga, nitatembea. Naomba mnisubiri.