Mkeka Uliomeza Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mkeka.

Umekaliwa na nani?

Na wakubwa.

Na sisi wadogo?

Tukae chini, tusikilize.

Basi kaeni. Wewe wa nyuma, sogea, nafasi ipo. Hadithi hailiwi kwa kijiko, kila mtu atapata.

Hapo kale, kale hasa, wakati fisi bado ana mgongo ulionyooka kama benchi (ndiyo, ulinyooka, usinikatize, tutafika huko), palikuwa na bonde moja lenye chemchemi moja. Maji mengine yalikuwa mwendo wa siku tatu, na huko walikaa simba. Kwa hiyo kila mnyama wa bonde alikunywa hapo hapo.

Kuzunguka chemchemi ilimea mikindu. Mizizi yake iliushika udongo, majani yake yaliyafunika maji jua lisiyaone. Na majani machanga ya mkindu, kama mjuavyo, ndiyo ukindu wa kusukia mikeka.

Wanyama wale walikuwa na baraza. Kila mavuno walitia mtama katika ghala moja, na baraza ndilo liliamua mtama uende wapi. Mwenyekiti alikuwa Bibi Tembo, mama mwema, moyo mpana, ila usingizi ulimjia upesi kila hotuba ilipoanza. Msemaji alikuwa Fisi. Huyo ukimwita Fisi hakusikii. Sharti umwite Mheshimiwa.

Baraza lilikaa juu ya mkeka, na mkeka ulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza: anayeomba mtama wa ghala lazima alete kitu akiweke mkekani, wajumbe wakione kwa macho. Kisichowekwa mkekani hakipo. Kima aliomba mtama wa kuwalisha mafundi wa ngoma, akaweka ngoma, ikapigwa, akapewa. Ngiri aliomba mtama wa wachimba njia, akaweka jembe, akapewa.

Desturi ya pili: kila mavuno, kila mjumbe huongezewa ukili mmoja kwenye mkeka. Ukili ni ule utepe mrefu wa ukindu uliosukwa, ambao hushonwa kwa mwenzake mpaka uwe mkeka. Ukili mmoja ni heshima. Fisi akaona mmoja ni heshima ndogo. Akasema ziwe mbili. Mwaka uliofuata akasema tatu.

"Mkubwa hakai ubavu kwa ubavu na mkubwa mwenzake," alisema. "Tutaonekana kama dagaa."

Mkeka ukapanuka. Ukapanuka mpaka mjumbe wa upande huu akitaka kumsalimu wa upande ule, alipiga kelele.

Sasa, katika bonde hilo aliishi Mwalimu Nungunungu. Mkali wa maneno, laini wa moyo. Akikasirika miiba yake hulia *cha-cha-cha*, na watoto wote wa bonde walimpenda vivyo hivyo, kwa mbali kidogo. Kila asubuhi aliwachukua kando ya chemchemi akawafunza. Hakuwafunza kujiita waheshimiwa. Aliwafunza mti gani unashika udongo, chura akihama maana yake nini, na mkindu hukatwaje. Wakaimba:

*Moja kata, mbili acha,*
*kuti la moyo usiliguse,*
*mkindu unywe, nasi tunywe.*

Kuti la moyo ni lile changa la katikati kabisa. Ukilikata hilo, mkindu haufi leo. Utakufa mwakani, wewe umeshasahau ulichofanya.

Watoto wakisoma hawatafuti chakula, na mtoto mwenye njaa hasomi, anatazama mdomo wa mwenzake. Kwa hiyo Mwalimu aliwalisha kwa mtama wa shimo lake mwenyewe. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu shimo likabaki tupu. Akapiga hesabu: makapu mawili ya mtama kila msimu, darasa linaishi. Bila hayo, miezi mitatu tu, darasa linakufa.

Akaenda barazani.

Mara ya kwanza alichukua chipukizi la mkindu, dogo kama kidole, akaliweka katikati ya mkeka.

"Waheshimiwa, naomba makapu mawili, watoto wafunzwe bonde lao. Mikindu inakufa, na wao ndio watakaoipanda mingine."

Fisi akainama, akalitazama chipukizi. Akalizunguka. Akarudi upande wa pili.

"Mwenyekiti, mimi naona unyasi. Wajumbe, nani anaona mti?"

Hakuna aliyeona mti. Wakacheka.

"Mwalimu wangu," alisema Bibi Tembo kwa upole, "huyu mtoto wa mti hajafika umri wa kuja barazani. Rudi mwezi ujao."

Nungunungu akaliokota chipukizi lake, akaenda kulipanda kwenye kona ya chini ya bonde, pamoja na mengine waliyokuwa wameyaotesha na watoto. Siku hiyo baraza liligawa mtama kwa wasukaji. Mkeka uongezwe.

Mwezi ukapita. Chemchemi ikashuka, viboko wakaonekana magoti.

Mara ya pili Nungunungu alichukua kibuyu cha maji. Maji yenyewe yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa. Akakiweka katikati ya mkeka.

"Waheshimiwa, haya ndiyo maji ya leo. Mwaka jana ungeona kucha zako ndani yake. Naomba makapu mawili, watoto wafunzwe."

Fisi alikuwa ametoa hotuba ndefu asubuhi ile, na koo lake lilikuwa limekauka. Akakichukua kibuyu. Akanusa. Akakigugumia chote, gu-gu-gu, mpaka tone la mwisho. Akapangusa mdomo.

"Taarifa, mwenyekiti! Mkekani hakuna kitu."

Bibi Tembo akazinduka. Akatazama. Kweli, hapakuwa na kitu.

"Fisi ameyanywa!" Nungunungu alisema, na miiba ikalia *cha-cha-cha*.

"Mheshimiwa Fisi," alisema Fisi.

"Rudi mwezi ujao, Mwalimu wangu," alisema Bibi Tembo, naye aliona haya kidogo. Lakini kuona haya hakujazi kapu. Baraza liligawa tena mtama kwa wasukaji, na wasukaji wakaenda kukata ukindu. Walipokuta makuti ya pembeni yamekwisha, wakakata ya moyo, kama walivyokata mwaka jana.

Mwezi ukapita. Darasani walibaki watoto tisa, wengine njaa ilikuwa imewarudisha makwao. Asubuhi moja bonde likaamka, chemchemi haipo. Palikuwa na tope, na katikati ya tope palikuwa na chura mmoja aliyekuwa akifunga safari.

Ngoma ya Kima ikapigwa. Wote wakakimbilia barazani.

"Waheshimiwa, tuunde kamati," alisema Fisi.

"Kamati itanyweka?" aliuliza Kiboko, ambaye ngozi yake ilikuwa imeanza kupasuka.

"Tuhame."

"Kwa simba? Tangulia wewe."

Katika mabishano hayo akafika Mwalimu Nungunungu, na nyuma yake watoto tisa kwa mstari. Mikono mitupu.

"Haya, umeleta nini mkekani safari hii?" Fisi aliuliza.

"Sikuleta kitu. Mmeshakileta wenyewe."

"Kiko wapi?"

"Mmekikalia. Watoto, waonyesheni."

Akatoka Mashavu, mjukuu wa Bibi Tembo, binti mdogo mwenye masikio makubwa kuliko adabu.

"Bibi, shikamoo. Inuka kidogo."

"Mjukuu wangu, unajua kuinuka kwangu ni shughuli."

"Kidogo tu, bibi yangu."

Bibi Tembo akainuka, mguu mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Mashavu akautembeza mkonga juu ya ukili uliokuwa chini ya bibi yake. Akanusa taratibu, kama walivyofunzwa.

"Huu ni mkindu wa jiwe la chura," akasema. "Chini yake ndipo uliponifunza kunywa kwa mkonga. Nikajimwagia maji puani, ukacheka mpaka ukakaa chini. Bibi, unakumbuka kivuli kile?"

Bibi Tembo alikumbuka. Usingizi wote ukamtoka.

Akaja mtoto wa Digidigi, akanusa ukili wa Kiboko. "Huu ni wa ukingo wa mashariki. Mama alimzaa mdogo wangu kivulini kwake. Ulipokatwa moyo ukafa, ukingo ukaporomoka majini."

Akaja wa tatu. Huyu alikuwa mtoto wa Fisi mwenyewe. Akanusa ukili wa baba yake, ukili mpya, bado wa kijani.

"Baba," akasema polepole, "wako hata haujakauka. Ni mkindu wa mwisho, ule uliolifunika jicho la maji. Wamekata moyo na makuti yote yaliyouzunguka, wakaacha kisiki. Wewe umeukalia tu, hukujua. Hukufunzwa."

Fisi akaukwepa ukili wake, akasogea pembeni.

Bibi Tembo akautazama mkeka, toka pembe hii mpaka pembe ile. Ulikuwa mpana kuliko chemchemi ilivyowahi kuwa.

"Mwalimu," akasema, "dawa ipo?"

"Waulize hao. Mimi ninazeeka. Miiba yangu inaanguka, na siku moja nitaifuata."

"Ipo, bibi," alisema Mashavu. "Kona ya chini tumeotesha mikindu arobaini. Hata ule mliouita unyasi. Tukiihamishia kwenye jicho la maji, tukaifunika jua lisiichome, tukazuia kwato zisiukanyage ukingo, mvua mbili zikipita maji yatapanda. Lakini kazi ni ya kila siku, bibi, na wenzetu wameacha kuja. Wana njaa."

"Taarifa, mwenyekiti," alisema Fisi, lakini safari hii kwa sauti ndogo. "Desturi. Kisichowekwa mkekani..."

Hakumaliza. Mtoto wake alikuwa ameshapanda juu ya mkeka, akakaa. Mashavu akakaa. Digidigi mdogo akakaa. Wote tisa wakakaa katikati kabisa, na vumbi lao, na mbavu zao zinazohesabika, wakatazama juu.

"Basi wamewekwa," alisema Bibi Tembo. "Nani hawaoni?"

Wote waliwaona.

"Kuanzia leo, kapu la kwanza la ghala, kabla ya ngoma, kabla ya njia, kabla yetu sisi, ni la darasa la Mwalimu Nungunungu. Kila msimu."

"Makapu mawili," alisema Nungunungu.

"Mawili, mwalimu wangu, mawili. Usinipigie miiba."

Siku hiyo hiyo Bibi Tembo aliufumua mkeka kwa mkonga wake, ukili baada ya ukili. Vipande wakavipeleka kwenye jicho la maji, vikawa paa la kuikinga miche. Tembo wakubwa walichimba tope kwa pembe zao, na maji machache yaliyochuruzika walikunywa kwa zamu, wadogo kwanza. Fisi alitaka kuomba taarifa juu ya zamu hiyo, mtoto wake akamtazama, akaacha. Watoto waliorudishwa makwao na njaa walirudi darasani, wakanenepa kidogo kwa mtama, na bonde zima likausikia wimbo, mpaka wazee nao wakaujua:

*Moja kata, mbili acha,*
*kuti la moyo usiliguse,*
*mkindu unywe, nasi tunywe.*

Mvua ya kwanza ikapita. Mvua ya pili ikapita. Asubuhi moja chura yule akarudi na mizigo yake, akaingia majini, *chubwi*, wala hakumwomba mtu radhi.

Na mkeka? Ulibaki kipande tu, mpana kiasi cha wajumbe kukaa ubavu kwa ubavu, kama dagaa. Haukuongezwa tena hata ukili mmoja. Katikati alikaa Mwalimu Nungunungu, maana walimpa kiti barazani, na ukikaa karibu na nungunungu husinzii. Bibi Tembo hakusinzia tena mpaka uzee wake.

Fisi alichelewa kuja siku ya kwanza ya mkeka mdogo. Akakuta pamebaki ukingo. Akaketi, kifua juu ya mkeka, kiuno nje, chini kabisa kwenye udongo. Msimu baada ya msimu akakaa hivyo hivyo, mgongo ukateremka, ukakaukia hapo. Ndiyo maana mpaka leo fisi ameinuka mbele na kuzama nyuma. Wengine watakwambia alizaliwa hivyo. Mwanawe alimwambia, "Baba, umependeza," na naamini alimaanisha.

Basi wenzangu, mtoto asiyefunzwa chemchemi yake, akikua ataikalia. Na wewe uliyepewa mkeka na ufunguo wa ghala la wote, usingoje kapu la elimu liombwe mara tatu. Inuka kidogo. Tazama umekalia nini.

Hadithi yangu inaishia hapa. Ikiwa tamu, wapelekeeni wanaokaa mkekani. Ikiwa chungu, wapelekeeni haraka zaidi.