Pimbi, Dada wa Chui

Hadithi, hadithi!
Njoo tukupokee!
Na uwongo wake?
Uje umebebwa mgongoni!
Na anayesinzia?
Amwagiwe maji!

Haya, vizuri. Nawaambia mapema, ngano hii hunichanganya. Nimeisimulia mara nyingi na bado sijaielewa. Pengine leo mtanisaidia.

Palikuwa na Chui jike, mwenye nguvu, mchoyo ajabu. Alikuwa na pango kavu juu ya jabali, na watoto wawili, Parua na Ng'ata. Chini ya jabali aliishi Pimbi, mdogo, hana hata mkia, na mwanawe mmoja mgonjwa wa kifua. Masika yalikuwa karibu. Pimbi alijua kwamba mwanawe akinyeshewa mwaka huu, hatapona.

Siku moja Chui akamwita. "Pimbi, nilelee watoto nikienda kuwinda. Mvua zikianza nitakulipa: kona moja ya pango langu, wewe na mwanao."

Pimbi akakubali. Wee! Parua akaparua, paru, paru! Ng'ata akang'ata, ngwa! Pimbi akambeba huyu, akamfuta yule, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Siku zikapita, mwezi ukapita. Halafu wingu likatanda mlimani, na radi, gururuuu!

"Mama Parua," Pimbi akasema, "mvua hiyo inakuja. Kona yangu?"

Chui akajilamba masharubu. "Hebu kwanza tuitazame kazi yako. Kulala, wanangu wanalala wenyewe. Wewe umefanya nini?"

"Mmh. Sijui."

"Kula, wanakula wenyewe. Wewe umefanya nini?"

"Sijui."

"Kucheza, wanacheza wenyewe. Wewe umefanya nini?"

"Mama, hata mimi sasa sielewi," akasema Pimbi, na kweli alikuwa haelewi. Mifupa yote ilimuuma, na hakujua tena imechoshwa na nini.

"Halafu," Chui akasema kwa sauti tamu, "wewe si mfanyakazi hapa. Wewe ni dada yangu. Tangu lini dada akalipwa?"

Pimbi akakuna sikio. Akafikiri. Akakuna tena.

"Dada yako?"

"Dada yangu kabisa, wa tumbo moja."

"Basi mimi ni mama mdogo wa watoto hawa."

"Ndiyo."

"Na madada hupokezana zamu."

"Nd... ndiyo?"

"Basi kesho zamu yako, dada. Mie nimechoka."

Pimbi akashuka jabali, tiki, tiki, tiki. Chui angemfokea mfanyakazi, lakini dada utamfokeaje kwa kupumzika?

Asubuhi Parua akamparua mama yake pua, paru! Ng'ata akamng'ata mkia, ngwa! Akimlaza huyu, yule anaamka. Akimlisha yule, huyu anatapika. Mchana Parua akapanda mti akashindwa kushuka, na Chui alipomfuata juu, Ng'ata akapotea chini. Ilipofika alasiri Chui hajawinda, hajala, wala hajui ni siku gani. Akapiga kelele: "Pimbiii! Dada! Njoo!"

Pimbi akaja, amembeba mwanawe anayekohoa. Matone ya kwanza yalikuwa yakianguka, ta, ta, ta.

"Vipi, dada? Kulala, wamelala wenyewe. Wewe umefanya nini?"

"Nyamaza! Wewe si dada yangu! Wewe ni mfanyakazi!"

"Ahaa. Mfanyakazi hulipwa. Kazi hii uliyoionja leo, ungetaka ulipwe nini kwa siku moja?"

Kichwa cha Chui kilikuwa kinazunguka. "Pango zima! Na halitoshi!"

"Pango zima kwa siku moja," akasema Pimbi. "Mie nimefanya siku thelathini. Lakini sina tamaa. Nipe hilo moja."

Chui akanguruma, rrrau! Akainua kucha amrarue. Pimbi hakukimbia. "Nile," akasema. "Halafu kesho nani atakaa nao?"

Nyuma yao Parua na Ng'ata wakaanza: nyauuu! Nyauuu! Chui akawatazama wanawe. Akamtazama Pimbi. Kucha zikarudi taratibu.

"Ingia," akasema.

Pimbi akaingia na mwanawe mpaka ndani kabisa, penye ukavu. Watoto wa Chui wakamfuata, wakalala ubavuni pake. Chui naye alipotaka kuingia, Pimbi akauliza, "Samahani, wewe unaingia kama nani? Mwajiri au dada?"

Chui akafikiri. Akisema mwajiri, pango ameshalilipa, si lake tena. Akisema dada, kesho zamu yake. Akaketi mlangoni, kichwa ndani, mkia kwenye mvua, bado anafikiri.

Hadithi yangu imekwenda zake, mimi nimebaki na koo kavu. Funzo lake ni hili: kulea watoto si kazi, watoto hujilea wenyewe. Ndiyo maana mama zenu hawalipwi.

Jamani, mbona mama zenu wananitazama hivyo?