Msichana Aliyeacha Kuitika

Vyombo nimeosha peke yangu, hakuna aliyeniona. Kwenye hadithi ndipo mnaponiona! Haya, sogeeni. Wewe Shomari, niliyekusikia ukimwigiza mwenzio anavyochechemea, kaa hapa mbele.

Paukwa!

Pakawa!

Mmekula kweli nyie? Paukwa!

Pakawa!

Basi, palikuwa na kijiji kando ya msitu wenye zimwi. Wasichana wakitoka kuokota kuni, anayetangulia huuliza, "Mpo?" Kila mmoja huitika, "Nipo!" Sauti zikihesabiwa, ikipungua moja, wote hurudi kumwita mwenzao kwa jina, wakipokezana bila kukatiza. Kwani zimwi lile lilikuwa na mwiko: halimli mtu anayeitwa mpaka jina liishe.

Kidawa alikuwa na kigugumizi. Huitika, "Ni-ni-nipo."

Mafunda, binti mwenye ulimi wa upupu, akamwigiza: "Ni-ni-nini? Mbuzi huyo kaitika!" Wenziwe wakacheka.

Kesho yake akamwigiza, wakacheka. Kesho kutwa akamwigiza, wakacheka.

Basi Kidawa akaacha kuitika. Akaacha kusalimia. Akaacha hata kula sinia moja na wenziwe. Mama yake akadhani ana shetani, akamfukiza ubani. Shetani gani? Shetani alikuwa jirani, kasuka nywele!

Wasichana wakazoea. Sauti ikipungua moja, husema, "Ah, ni Kidawa tu."

Siku moja wakirudi na kuni, sauti zikapungua mbili, lakini hakuna aliyehesabu tena.

"Ah, ni Kidawa tu." Wakaenda zao.

Kumbe aliyekosekana ni Mafunda! Kidawa akataka kusema, "Si-si-si..." lakini wameshafika mbali.

Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, nasema kweli. Yeye akabwaga kuni, akarudi mbio.

Akalikuta zimwi limemshika Mafunda, kinywa wazi kama pango.

Kidawa akaita kwa nguvu zote: "Ma-ma-ma-ma..."

Zimwi likangoja. "Malizia!"

"Ma-ma-ma-ma..."

"Malizia, njaa inaniuma!"

"Ma-ma-ma-ma..."

Mafunda akalia, "Kidawa, dada yangu, usimalize!"

Basi wenzao wakaisikia sauti, wakarudi na mashoka. Zimwi likitaka kufumba kinywa, wapi! Taya zimeliganda kwa kungoja. Likamwachia Mafunda, likakimbia na kinywa wazi, na mainzi wakaingia.

Tangu siku hiyo anayeuliza "Mpo?" ni Kidawa, na wote humngoja mpaka amalize.

Hadithi yangu naitua hapo, kama mzigo wa kuni. Ukimcheka mtu mpaka anyamaze, siku utakayopotea hakuna atakayejua kuwa hupo. Umesikia, Shomari?

Nini? Mafunda alilipa nini?

Mpaka anaolewa, kila siku alisimama wa mwisho, mgongo kwenye msitu, mzigo kichwani, akingoja Kidawa amwite kwa jina: "Ma-ma-ma..."

Na haruhusiwi kuitika kabla jina halijaisha.